Nafasi Moja ya Kairo

Watu wakisikia kwamba mimi, Balqees wa Ansab, hapa Maskati, mjane, mwalimu wa Kifaransa mstaafu, nautumia uzee wangu kusoma barua za Wazungu waliokufa zamani, huniuliza swali moja tu: "Zinakusaidia nini?" Shoga zangu wanakwenda Salala wakati wa khariif, msimu wa mvua za rasharasha, wanarudi na ubani na picha. Mie nabaki nyumbani na Wafaransa wangu. Basi leo nakuelezeni zimenisaidia nini, na mtanisamehe nikipandisha sauti, maana donge halijanishuka bado.

Kwanza mlijue jambo lenyewe. Elimu ya Misri ya kale, hii ambayo siku hizi ina vyuo na idara na maprofesa wenye tai, haikuanzia chuoni. Ilianza kwa watu kuandikiana. Kulikuwa na jiwe lenye maandishi ya namna tatu, mojawapo Kigiriki, na nusu ya wanachuoni wa Ulaya walikuwa wakizikodolea macho nakala zake. Daktari mmoja wa Kiingereza akagundua maana ya alama kadhaa, akawa anaandikiana na Mfaransa mmoja kijana. Barua za siku zile zikianza ni heshima tupu, bwana mtukufu, mtumishi wako mnyenyekevu, kisha ukifika katikati unakuta pilipili. Mwalimu wa yule kijana, mwalimu wake mwenyewe aliyemsomesha, alimwandikia Mwingereza chinichini kumwambia asimfungulie sana mambo yake huyo Mfaransa, asije akayafanya yake. Mwaka 1822 Mfaransa akatoa barua moja ndefu kwa katibu wa baraza la wanachuoni wa Paris, akaeleza namna baadhi ya yale maandishi ya picha yanavyosomwa, na dunia ikampigia makofi. Mwingereza akabaki kulalamika kwamba hakutajwa inavyostahiki. Mpaka leo kuna watu wanagombana kwa ajili ya hilo, na mie ni mmoja wao. Niko upande wa Mwingereza.

Barua ile ya 1822 ndiyo niliyoitafsiri kwa Kiswahili. Naam, Kiswahili. Sisi tulitoka Unguja mwaka sitini na nne, mie mtoto mdogo, na kabla Omani haijatufungulia mlango tulipata hifadhi Kairo, katika fleti ya Dokki ambayo lifti yake sikuwahi kuiona ikipanda. Nilikulia pale. Nikipelekwa makumbusho na shule, nilikuwa narudi nyumbani nimenuna kwa kuwa nimetolewa kabla sijashiba. Nilitaka kusomea mambo ya kale. Baba akasema, "Mtoto wa kike na maiti za Mafirauni, wapi na wapi?" Nikasomea Kifaransa, nikaja Maskati, nikafundisha watoto wa watu vitenzi mpaka nikastaafu.

Katika ugonjwa huu nna mwenzangu mmoja tu mji mzima: Dokta Nasr wa Mabela. Watu wake walikuwa na maduka Bujumbura, kwa hivyo Kifaransa amekinywa tangu utotoni. Sisi tuliotoka Unguja tunawaita wao watu wa bara, na wao wanatuita sisi wenye maringo, na nadhani pande zote mbili zina haki. Udokta wake, kabla hamjauliza, ni wa mambo ya bima.

Kutoka Ansab mpaka Mabela si safari, lakini mie na Nasr tulikuwa tunaandikiana. Tuliona ndiyo adabu ya fani. Kila wiki barua pepe, na zote kwa mtindo wa wale wazee wetu. Yeye ataanza, "Kwa dada mheshimiwa, bahari ya elimu." Mie nitajibu, "Kwa ndugu mpenzi, taa ya Mabela." Kisha tunararuana. Yeye ni mtu wa Mfaransa kufa na kupona. Anasema aliyelitoa jambo hadharani ndiye mwenye jambo. Mie namwambia huo ndio wizi wenyewe ulivyo, mwizi naye hutoka hadharani akishavaa kanzu uliyomwazima. Tumekwenda hivyo miaka.

Halafu ukaja mwaliko. Kairo kulikuwa kunaandaliwa mkutano juu ya barua za waanzilishi wa fani hii, na Omani ilipewa nafasi moja ya msemaji. Nafasi hiyo nilipewa mie. Ustadha Afra, katibu wa mkutano, aliandika kwamba tafsiri yangu imewafurahisha na wangependa niizungumzie jukwaani. Jamani, nililia. Si machozi ya adabu yale ya kufutwa kwa ncha ya kitambaa. Nililia kwa sauti mpaka mtumishi wa jirani akaja kugonga. Mimi, mtoto wa ile fleti ya Dokki, nisimame Kairo nizungumzie mambo ya Kairo, na jina langu liandikwe mlangoni! Sijataka kitu duniani namna ile tangu nilipotaka kuolewa na marehemu. Nikashonesha abaya mpya, nikaanza kujisomea hotuba mbele ya kioo.

Nikamwandikia Nasr. Akajibu, "Hongera, dada." Basi. Bahari ya elimu imekauka. Ningekuwa na akili ningeshtuka pale pale, lakini nilikuwa nimejaa furaha, na mtu mwenye furaha hana macho.

Sasa nikuchanganyieni jambo la pili. Nna binti, Mazoon, daktari wa meno, ameshapita thelathini na bado nnaye nyumbani. Kila akija mchumba anamkagua kinywa kwanza. Nasr naye ana kijana wake, Taimur, mhandisi, mtaratibu, meno yake yote yake. Shoga yangu Zakiya, ambaye hapitwi na jambo Maskati hii, aliniambia kamwona Mazoon na Taimur wamekaa mkahawani kule Mouj, meza moja, wanazungumza. Nikamwambia Zakiya acha umbea. Kisha nikamuuliza walikuwa wamekaa kiti cha upande gani.

Haikupita wiki, Nasr akaniletea ujumbe wa sauti. Sauti nzito, mtu anatafuta pumzi: "Dada Balqees, nina jambo kubwa la kuja kukuomba. Si jambo la kuandikiana. Nitakuja Ijumaa baada ya Alasiri na kaka yangu Bakhit. Tafadhali Saeed awepo."

Niambieni nyinyi. Mtu anakuja Ijumaa, na mkubwa wa ukoo wao, anataka kaka yako awepo, kaka ambaye tangu mumeo afariki ndiye anayekusimamia nyumbani. Ungefikiri nini? Nilisafisha nyumba mpaka nyuma ya mafriji. Nikapika katlesi, sambusa, mkate wa mayai. Nikaagiza halwa ya zafarani, ile ya harusi. Mazoon akauliza, "Mama, kuna nini?" Nikamwambia wageni wa kielimu. Akaitazama halwa, akanitazama mie, akenda zake chumbani.

Wakaja. Nasr kavaa kilemba kipya, Bakhit kashika bakora yake ya heshima. Tukaamkiana, tukaulizana afya za watu wote walio hai. Saeed akamimina kahawa. Nasr akapokea kikombe chake, akakitua chini mbele yake, hakukigusa tena.

Desturi hii nyinyi mnaijua, lakini kwa asiyejua: mgeni aliyekuja na haja hanywi kahawa mpaka mwenye nyumba amwambie haja yake imekubaliwa. Ukishamwambia anywe, umetoa neno, na neno lile halirudi. Unguja hatukuwa nayo. Tumeikuta huku, na kama kawaida yetu watu tuliotoka Afrika, tumeikamata kuliko wenyewe, asije mtu akasema sisi si Waomani kamili. Waomani kamili siku hizi wanasema haja zao kwa simu. Pia wanajua kwamba mwenye nyumba, kabla hajasema "kunywa", humuuliza mgeni haja yenyewe ni nini.

"Kaka Saeed, dada Balqees," Nasr akaanza, "kahawa hii mimi siinywi kwanza. Nimekuja na haja, na ninaogopa kuitamka."

Saeed ni mtu wa taratibu. Akakohoa, akajiweka sawa, akafungua kinywa kuuliza kama inavyotakiwa. Lakini mie nilikuwa nishamwona mwanangu kavaa nguo ya kijani ya biarusi. Nilikuwa nishaona wajukuu. Ulimi ukanitoka mbele ya kaka yangu.

"Kunywa, Nasr! Haja yako umeipata, na juu yake baraka. Kunywa kahawa yako!"

Saeed akanigeukia kama mtu aliyeona gari linapita kwenye taa nyekundu. Bakhit akasema, "Mashallah, mashallah," akachukua katlesi. Nasr akakiinua kikombe kwa mikono miwili. Akanywa. Akaongezwa, akanywa. Akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akakirudisha, akatoa kitambaa akajifuta macho.

"Mungu akulipe, dada," akasema. "Nilijua utanifukuza. Nilikuja na hoja za kutwa nzima. Bon. Basi Kairo nitakwenda mimi."

Nusura nimwambie Kairo mbali kwa fungate, watoto waende Salala. Namshukuru Mola kwamba sambusa ilikuwa mdomoni.

"Nafasi ya mkutano," akaendelea. "Wewe tafsiri unayo, dada, na itabaki na jina lako ukiwapo na usipokuwapo. Mimi sina kitu. Maisha yangu yote nimesoma mambo haya pembeni, na wananiita dokta kwa sababu ya bima. Nikifa watasema Nasr alikuwa anajua sana kulipa fidia za magari. Nilitaka nisimame mara moja tu. Na wewe umenipa bila hata kuniuliza! Yule Mwingereza wako hakupata rafiki kama mimi nilivyokupata wewe."

Nikamtazama Saeed. Saeed akatazama zulia.

Walipoondoka, na Bakhit kabeba sahani ya mkate wa mayai niliomfungia mwenyewe kwa mikono yangu, nikamwambia kaka yangu, "Nitampigia simu. Nitamwambia nilifahamu vingine."

"Ulifahamu nini?" akaniuliza.

Nikairudisha simu mezani. Kwa sababu jawabu lake ni kwamba nilidhani mmekuja kumposa Mazoon, nikaruka hata kabla hamjamtaja. Na Bakhit akishajua, kesho yake Mabela yote inajua, na mwanangu atakuwa ndiye yule ambaye mamake alimgawa bila kuombwa. Bora nikose Kairo.

"Basi," akasema Saeed. "Umetoa neno mbele ya mzee wao. Limekwisha."

Mazoon akatoka chumbani. "Mama, ulidhani wamekuja kuniposa?"

"Nani kakwambia?"

"Halwa ya zafarani, Mama." Akakaa karibu yangu, akanishika mkono. "Taimur aliniuliza mwenyewe kabla ya Ramadhani. Nikamwambia hapana. Kule Mouj tulikuwa tunamalizana tu."

"Hapana? Kwa nini hapana? Ana kasoro gani?"

"Hana kasoro. Kila jambo anamtaja babake tu. Baba kasema, baba kaandika, baba anaamini. Nikaona nitaolewa na barua zenu."

Nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikalia tena, na safari hii mtumishi wa jirani hakuja.

Kazi haikuwa imekwisha. Ilinibidi niwaandikie Kairo kwamba mie siendi, na niwapendekezee Nasr. Na hapa ndugu zangu nilijaribiwa. Maana sanaa hii naijua. Nimeisoma kwa mabingwa waliozikana kwa kalamu huku wakiinamiana. Nikaandika kwa Kifaransa kisafi: Dokta Nasr ni mtu wa shauku kubwa, na pale ujuzi unapomwishia, shauku yake huwatosheleza wasikilizaji. Ana unyenyekevu wa kutosita kurudia kauli za wenzake. Uzoefu wake wa bima unampa mtazamo ambao fani haijapata kuuona. Loo! Nikajisomea mara mbili, nikafurahi, nikajimiminia chai.

Kisha nikakaa nikafikiri. Nani aliyeisoma tafsiri yangu yote? Saeed alilala kwenye ukurasa wa pili. Mazoon alisema, "Nzuri, Mama," macho yake kwenye simu. Zakiya aliuliza kama kuna mapenzi ndani. Ni Nasr peke yake aliyenirudishia kila ukurasa umejaa wino mwekundu, amenigombeza kwa jina moja la mfalme wa Kigiriki kama nimemtukania wazazi wake. Nikimpoteza huyu, nitamwandikia nani? Nikafuta yote. Nikaandika kweli: kwamba Maskati hakuna mtu anayeijua fani hii kuliko Dokta Nasr, ukiniondoa mimi. Kisha nikafuta "ukiniondoa mimi". Nikatuma.

Kesho yake Ustadha Afra akanipigia simu mwenyewe. Mwanamke mchangamfu, anazungumza kama sokoni Ataba, na mie Kiarabu cha Kairo kikinijia roho yangu huyeyuka.

"Umetushangaza, ya sitti," akasema. "Mtu mwenye moyo kama wako sijamwona. Na hasa baada ya yale aliyotuandikia yeye."

"Alikuandikieni nini?"

Akajua amelikoroga, kisha akaona bora alimalize. Mwezi uliopita, kumbe, taa ya Mabela iliwaandikia Kairo, kwa heshima zote, kwamba Bi Balqees ni hazina, lakini magoti yake hayapandi jukwaa, na Kifaransa chake, kizuri sana, ni cha darasani, na kwa kumhurumia ingekuwa vyema mzigo huu wambebeshe mwingine, na yeye yuko tayari kujitolea. "Tuliitupa," akasema Afra. "Tukasema huyu hasidi. Lakini sasa wewe mwenyewe unasema hakuna kama yeye, sisi ni nani tubishe?"

Magoti! Nilikata simu nikapanda ngazi za nyumba yangu mpaka darini, nikateremka, nikapanda tena, mwanaharamu akatazame magoti yake mwenyewe. Kwa hiyo alijaribu kwa fitina, fitina iliposhindwa ndiyo akaja na kilemba kipya kuomba kwa desturi. Na machozi yale? Nadhani yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimchukia Nasr siku zile kwa chuki ya kuamka nayo asubuhi. Na yeye hakujua kwamba najua.

Ndipo akaniletea hotuba yake niipitie. "Kwa dada mheshimiwa, bahari ya elimu." Nikaisoma, na chini ya ukurasa wa tatu nikakuta kosa. Si kosa dogo. Alikuwa ameandika kwamba Mwingereza hakuchapisha lolote mpaka mwaka 1823, baada ya Mfaransa kutoa barua yake, kwa hivyo kelele zake zote ni za mtu aliyechelewa. Uongo! Mwaka 1819 Mwingereza alikuwa keshachapisha makala ndefu yenye orodha ya alama alizozifahamu. Hili kila mtu wa fani analijua. Nasr alilisahau kwa kumpenda mno Mfaransa wake. Akilisema Kairo mbele ya watu wale, atachekwa mpaka lango la uwanja wa ndege.

Sikuhitaji kufanya kitu. Sikuhitaji hata kusema uongo. Nilihitaji kumjibu tu, "Nzuri, ndugu yangu," kama Mazoon. Niliandika maneno hayo. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, na roho yangu ilikuwa inanikata kwa utamu.

Lakini nikamfikiria yule daktari. Miaka mia mbili anasubiri. Nikinyamaza, Nasr ataaibika jioni moja, na Mwingereza atakuwa ameibiwa tena, Kairo, mbele ya watu, na mimi nilikuwepo nikaangalia. Siwezi. Wallahi nilijaribu, sikuweza. Nikafuta, nikaandika upya, kurasa nne. Nikamtajia mwaka, nikampa orodha, nikampangia aya mpya nzima kwa maneno yangu ili asipate pa kuteleza. Nikaanza kwa "Kwa ndugu mpenzi, taa ya Mabela", na meno nimeyauma.

Siku ya mkutano Mazoon aliniwekea matangazo ya moja kwa moja kwenye televisheni kubwa ya sebuleni. Nilivaa ile abaya mpya, msinicheke. Nasr alipanda jukwaani, akaanza polepole, kisha akachangamka. Alizungumza vizuri, sina budi kusema. Alipofika pale, akaisoma aya yangu, neno kwa neno, mpaka pumzi alizivuta nilipoziweka. Akasema kwamba kabla ya barua ile maarufu kulikuwa na mtu aliyetangulia, aliyechapisha, aliyefundisha, na kwamba fani hii inamwomba radhi. Akalitaja jina lake mara tatu. Ukumbi mzima ukainuka kupiga makofi.

Kisha akawashukuru waandaaji, wafadhili, mkewe, kaka yake Bakhit, na watu wa hoteli. Akakunja karatasi zake akashuka.

Mimi hakunitaja.

Mazoon alinigeukia, akaona machozi yananitiririka na mikono yangu inapiga makofi, kwa nguvu, hata bangili zinagongana.

"Mama! Unampigia makofi yule?"

"Yule nani?" nikamwambia. "Nampigia Mwingereza."